Kesi ya Mgonjwa Huanzia Kwenye Dirisha la Masjala

"Faili ni mali ya hospitali, kaka," alisema karani bila kuinua macho kutoka kwenye daftari lake, na shemeji yangu, aliyekuwa ameishika kadi ya kliniki ya mkewe kama mtu aliyeshika tiketi ya basi lililokwisha kuondoka, akageuka kunitazama mimi niliyemshawishi tuje.

Mdogo wangu aliingia wodi ya wazazi ya hospitali hiyo ya wilaya, ambayo sina sababu ya kuitaja kwa kuwa jibu lile tungeweza kulipata kwenye madirisha ya hospitali nyingine nyingi, yapata saa mbili usiku, uchungu ukiwa umekwisha kuchanganya. Mtoto alizaliwa saa kumi alfajiri na, kwa maneno ambayo kila mama wa Kitanzania anayaelewa na kuyaogopa, alichelewa kulia. Alipotimiza mwaka mmoja alikuwa bado hajakaza shingo. Familia haikuwa ikitafuta mtu wa kumfunga jela. Ilitaka kujua kilichotokea kati ya saa mbili na saa kumi, na jibu la swali hilo, kama lipo, limo kwenye karatasi moja ndani ya faili, iitwayo patografu.

Kwa wasioijua, patografu ni mchoro ambao mkunga huujaza tangu uchungu unapochanganya. Mapigo ya moyo wa mtoto na nguvu ya uchungu huandikwa kila nusu saa, kufunguka kwa njia hupimwa kila baada ya saa nne, na juu ya mchoro umechorwa mstari wa tahadhari na mstari wa kuchukua hatua, ili anayeutazama aone mara moja kwamba mama huyu amechelewa na daktari aitwe. Kwa mama aliyelala wodini kwa muda wa saa nane, panatakiwa kuwapo alama kama kumi na sita za moyo wa mtoto. Wakili akiwa nayo karatasi hiyo anaweza kukwambia kwa nusu saa kama una kesi au huna. Akiikosa, anabaki na kumbukumbu za mwanamke aliyekuwa katika maumivu makali kuliko yote aliyowahi kuyapata, akijaribu kukumbuka muuguzi wa zamu alipita mara ngapi.

Ndiyo maana sikubaliani na kauli inayorudiwa kila tukio la uzembe wa kitabibu linapovuma, kwamba mgonjwa wa Tanzania hana pa kwenda kwa sababu sheria haimtambui. Pa kwenda papo, tena mahali zaidi ya pamoja. Tatizo ni kwamba kila mlango unaobisha unakuuliza kitu kile kile, yaani kumbukumbu za matibabu, na kumbukumbu hizo ziko mikononi mwa yule yule unayemlalamikia, huku siku za sheria zikiendelea kuhesabika.

Kabla ya kufika kwenye milango hiyo, ni lazima tuelewane kuhusu uzembe wenyewe, maana malalamiko mengi hufia hapa. Bunge letu halijatunga sheria mahususi ya fidia kwa mgonjwa aliyeumizwa na matibabu. Kesi za namna hii huendeshwa kwa sheria ya madhara, yaani ile inayomruhusu aliyeumizwa na kosa la mwingine kumdai fidia, ambayo kwa sehemu kubwa tuliirithi kutoka Uingereza kupitia kifungu kinachoziruhusu mahakama zetu kutumia misingi ya sheria ya huko kama ilivyokuwa tarehe 22 Julai 1920. Hukumu za Kiingereza zilizotolewa baada ya hapo haziwafungi majaji wetu, lakini huwashawishi, na ndizo mawakili wa pande zote mbili huzibeba kwapani. Mdai anatakiwa kuonyesha kwamba mtoa huduma alikuwa na wajibu wa kumhudumia kwa uangalifu, kwamba alishuka chini ya kiwango kinachotarajiwa kwa mtu wa taaluma yake, kwamba mdai aliumia, na kwamba aliumia kwa sababu ya kushuka huko na si kwa sababu ya ugonjwa uliompeleka hospitali. Kipengele hicho cha mwisho ndicho kigumu kuliko vyote, kwa kuwa mtu haendi hospitali akiwa mzima.

Kuna kesi moja ya zamani ambayo huwa naisimulia kwa ndugu wanaonijia na hasira zao. Mwaka 1947, katika hospitali ya Chesterfield huko Uingereza, wanaume wawili waliingia chumba cha upasuaji siku moja kwa operesheni ndogo, wakachomwa sindano ya ganzi ya uti wa mgongo, na wote wawili wakatoka wamepooza kuanzia kiunoni kwenda chini. Ukiisikia habari hiyo unaona kesi imekwisha. Lakini uchunguzi ulionyesha kwamba vichupa vya dawa ya ganzi vilihifadhiwa ndani ya kimiminika cha fenoli ili visishike vijidudu, na kwamba fenoli ilipenya kupitia nyufa nyembamba ambazo jicho haliwezi kuziona. Mwaka 1947 hakuna daktari wa kawaida aliyejua kwamba jambo hilo linawezekana. Kesi ilipofika Mahakama ya Rufani mwaka 1954, vichupa vilikuwa vimekwisha kubadilishiwa utaratibu, na Jaji Denning alisema mahakama haipaswi kulitazama tukio la 1947 kwa miwani ya 1954. Wale wanaume walishindwa, wakabaki na ulemavu wao bila fidia. Hukumu hiyo inauma, na bado naiona sahihi kwa mantiki ya sheria ya uzembe, ambayo humlipa aliyeumizwa na kosa na kumwacha aliyeumizwa na bahati.

Jaji huyo huyo, miaka 3 kabla yake, alikuwa amesimama upande wa mgonjwa katika kesi ya mtu aliyeingia hospitali akiwa na vidole viwili vilivyokakamaa na kutoka akiwa na vinne visivyofanya kazi. Hapo alisema, kwa ufupi, kwamba mgonjwa amekwisha kueleza vya kutosha, sasa ni zamu ya hospitali kueleza. Msingi huu, kwamba jambo linajisema lenyewe, ndio unaomwokoa mtu aliyekutwa na shashi tumboni miezi sita baada ya upasuaji, kwa sababu shashi haiingii tumboni yenyewe. Kesi hiyo ya 1951 ilikazia jambo jingine ambalo watu wengi hawalijui: hospitali hubeba dhamana ya makosa ya watumishi wake, kwa hiyo huna haja ya kuhangaika kutafuta ni muuguzi yupi hasa aliyekosea kati ya watatu waliokuwa zamu.

Kipimo cha kushuka kiwango kilikuja kuwekwa mwaka 1957 katika kesi ya Bolam, na tangu hapo daktari aliyefuata utaratibu unaokubaliwa na kundi la madaktari wenye ujuzi wa fani yake huhesabiwa kuwa hakuzembea, hata kama wapo madaktari wengine ambao wangefanya vingine. Kwa miongo minne kipimo hicho kiliwafanya madaktari kuwa mahakimu wao wenyewe, mpaka mwaka 1997 mahakama ya juu ya Uingereza iliposema kwamba utaratibu huo nao lazima uwe na mantiki. Mwaka 2015 ikatoka hukumu ya Montgomery kutoka Uskoti, ambayo kila mkunga angepaswa kusimuliwa. Mama mwenye kisukari hakuambiwa kwamba mabega ya mtoto yangeweza kukwama, mtoto akazaliwa mwaka 1999 akiwa amepata madhara ya ubongo, na mahakama ikaamua kwamba mgonjwa ana haki ya kuelezwa hatari yoyote ambayo mtu aliye katika hali yake angeipa uzito. Fomu ya ridhaa ambayo ndugu huwekewa mbele usiku wa manane watie sahihi, mara nyingi bila kusomewa, haifikii kiwango hicho. Wala sahihi hiyo haifuti uzembe. Mtu huridhia kupasuliwa, haridhii kupasuliwa ovyo.

Ni rahisi, tukisoma hukumu hizi, kudhani kwamba uzembe ni tabia ya mtu mmoja mbaya. Mwanzoni mwa Novemba 2007, katika Taasisi ya Mifupa Muhimbili, wagonjwa wawili wenye jina la kwanza linalofanana walibadilishwa: aliyekuwa na tatizo la goti akapasuliwa kichwa, na aliyekuwa na tatizo kichwani akapasuliwa mguu. Yule aliyekuwa na tatizo kichwani alifariki dunia baadaye. Nchi nzima ilizungumza, na mazungumzo karibu yote yalihusu madaktari. Mapema mwaka 2018 jambo la aina hiyo lilitokea katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta jijini Nairobi, ambako wapasuaji walifungua fuvu wakitafuta damu iliyoganda na hawakuikuta, kwa sababu aliyekuwa nayo alikuwa amelala wodini. Miaka zaidi ya 10 kati ya tukio na tukio, nchi mbili tofauti, na kiini ni kimoja, nacho ni kutambua mgonjwa ni nani kabla ya kushika kisu.

Na dawa yake ilikuwa ikijaribiwa hapa hapa kwetu. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008, yaani katika kipindi kile kile cha mkasa wa Muhimbili, hospitali ya Ifakara mkoani Morogoro ilikuwa miongoni mwa hospitali nane duniani zilizoshiriki utafiti wa Shirika la Afya Duniani kuhusu orodha ya ukaguzi wa usalama wa upasuaji. Orodha hiyo ina vipengele 19 na husomwa kwa sauti mara tatu, kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya ngozi kuchanwa, na kabla hajatolewa chumbani. Swali lake la mwanzo kabisa ni la jina, operesheni na mahali pa kupasuliwa. Matokeo yaliyochapishwa Januari 2009 yalionyesha vifo vikishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na matatizo makubwa baada ya upasuaji kutoka asilimia 11 hadi 7. Nayataja haya katika makala ya sheria kwa sababu yana uzito wa kisheria: hatua rahisi, isiyo na gharama kubwa na inayojulikana kuokoa maisha ikirukwa, hospitali hupata taabu sana kudai kwamba ilifuata utaratibu unaokubalika. Na kama ilifuatwa, karatasi iliyowekewa alama lazima iwe ndani ya faili. Tunarudi dirishani.

Basi, milango yenyewe. Wa kwanza ni uongozi wa hospitali, kuanzia kwa mganga mfawidhi. Huo una faida moja kubwa ambayo watu huidharau, kwamba barua iliyopokelewa na kugongwa muhuri ndiyo uthibitisho wa kwanza kwamba ulilalamika mapema. Sanduku la maoni halina muhuri, na simu ya malalamiko haiachi alama mikononi mwako. Andika barua, peleka nakala mbili, rudi na moja iliyogongwa.

Mlango wa pili ni mabaraza ya taaluma. Baraza la Madaktari Tanganyika, linaloendeshwa kwa sheria ya mwaka 2017, hupokea malalamiko ya maandishi kupitia kwa Msajili, huchunguza, na linaweza kumwonya daktari, kumsimamisha au kulifuta jina lake kwenye daftari. Wauguzi na wakunga wana baraza lao, wafamasia lao, na hospitali binafsi zina bodi inayosimamia usajili wake. Zanzibar, ambako afya si jambo la Muungano, ina baraza lake la madaktari. Wengi hutoka kwenye mabaraza haya wakiwa wamevunjika moyo kwa sababu waliingia wakitafuta fedha. Baraza halilipi fidia. Nguvu yake iko juu ya leseni. Lakini linapoita faili, faili hufika, na uamuzi wake, ingawa haumfungi jaji, ni kitu ambacho wakili yeyote angependa kuwa nacho mezani. Kama ningeulizwa, ningesema familia isiyo na uwezo wa wakili ianzie hapa, ilimradi isisahau kwamba kusubiri baraza hakusimamishi saa ya mahakama.

Polisi ni mlango wa tatu, nami siupendi. Ni kweli kwamba Kanuni ya Adhabu, Sura 16, inalifanya kosa la jinai tendo la kumtibu mtu kwa uzembe unaohatarisha maisha, na yapo matukio, kama ya mlevi aliyeshika kisu au tapeli aliyevaa koti jeupe, ambayo hayastahili kwenda kwingine. Kwa yaliyobaki, jinai inadai uthibitisho usioacha shaka, inamfanya kila aliyekuwa wodini afunge mdomo, na faili linageuka kielelezo kwenye jalada la upelelezi, mbali zaidi na mkono wako kuliko lilivyokuwa.

Mahakama ya madai ndiyo pekee inayolipa, na hapa ndipo tarehe huua kesi kuliko daktari yeyote alivyoua mgonjwa. Chini ya Sheria ya Ukomo, Sura 89, shauri la madhara lazima lifunguliwe ndani ya miaka 3. Shauri la mkataba lina miaka 6, na mgonjwa aliyelipa hospitali binafsi ana mkataba nayo, ndiyo maana wakili makini huomba kuona risiti kabla hata ya kuuliza habari ya ugonjwa. Hospitali ikiwa ya umma, Sheria ya Mashauri dhidi ya Serikali, Sura 5, inamtaka mdai atoe notisi ya siku zisizopungua 90 akieleza msingi wa madai yake, apeleke nakala kwa Mwanasheria Mkuu wa Serikali na kwa Wakili Mkuu wa Serikali, kisha afungue shauri Mahakama Kuu. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 masharti hayo yanazigusa pia halmashauri, wakala na mashirika ya umma, na Mwanasheria Mkuu lazima aunganishwe kama mdaiwa. Ukimsahau, mwenendo wote wa shauri unabatilika. Fikiria mtu wa Tandahimba ambaye mtoto wake aliumizwa kwenye hospitali ya wilaya: ana shauri la Mahakama Kuu, dhidi ya halmashauri yake na Mwanasheria Mkuu, baada ya notisi kwa ofisi tatu, yote ndani ya muda ambao nusu yake ameutumia kliniki za mazoezi ya viungo.

Kuna nafuu mbili ambazo ni vyema zifahamike. Muda hauanzi kumhesabikia mtoto mpaka afikie utu uzima, kwa hiyo madai yake mwenyewe hubaki hai hata pale ambapo madai ya mama yamekwisha, na mzazi anaweza kuyafungua kwa niaba yake. Na Waziri mwenye dhamana ya sheria, baada ya kushauriana na Mwanasheria Mkuu, anaweza kuongeza muda uliokwisha kwa kipindi kisichozidi nusu ya ule wa awali, akiona haki inadai hivyo. Msomaji wa Mombasa asichukue mahesabu yangu: Kenya nayo ina miaka 3 kwa madhara, lakini Serikali ikiwa ndiyo mdaiwa muda ni miezi 12 tu.

Sasa turudi kwa karani. Maneno yake yana ukweli nusu. Jalada, karatasi na rafu ni mali ya hospitali, na hospitali ina wajibu wa kuvitunza. Taarifa zilizoandikwa humo zinamhusu mgonjwa, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inampa mtu haki ya kuzipata taarifa zake kutoka kwa yeyote anayezishikilia, na inaziweka taarifa za afya kwenye kundi nyeti. Kwa maoni yangu hii ndiyo sheria yenye manufaa zaidi kwa mgonjwa aliyeumizwa kuliko zote zilizopitishwa katika muongo huu, ingawa wengi waliisoma kama sheria ya mitandao na makampuni ya simu. Anayekataliwa anaweza kulalamika kwa Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Ila sheria hiyo haikutungwa kwa ajili ya wodi. Haimwambii karani ni nakala ya kurasa zipi, kwa ada gani, wala kwamba kuanzia siku ombi linapopokelewa faili lifungwe lisiongezwe neno. Ni kweli pia kwamba ukishafungua shauri unaweza kuiomba mahakama iamuru upande wa pili uonyeshe nyaraka. Lakini angalia mzunguko huo: unahitaji faili ili ujue kama una kesi, na unahitaji kesi ili upate faili.

Wizara ya Afya ingeweza kuukata mzunguko huu kwa kanuni ya ukurasa mmoja, kwamba mgonjwa au mrithi wake akiomba kwa maandishi, apewe nakala kamili ndani ya siku kumi na nne na karatasi asilia zifungiwe kwa mganga mfawidhi. Haihitaji bajeti. Hospitali nyingi kubwa zimekwisha kuhamia kwenye mifumo ya kompyuta, ambamo kila maandishi huacha alama ya saa yalipoingizwa, na kwa upande huu kompyuta ni shahidi mwaminifu kuliko kalamu.

Lipo faili jingine ambalo sisi wenyewe hulifunga. Mgonjwa anapofariki, ushahidi mkuu ni mwili, na uchunguzi wa maiti unaofanywa mapema ndio unaotenganisha kifo cha ugonjwa na kifo cha matibabu. Ndugu wengi huukataa. Waislamu tunaharakisha maziko, wengine wanaona ni kumsumbua marehemu mara ya pili, na mwenye kutaka kusubiri hutazamwa kama mtu anayetafuta fedha kwenye msiba. Simlaumu yeyote, maana nami nimewahi kukaa kwenye jamvi hilo na kunyamaza. Nasema tu kwamba sheria inawaruhusu wategemezi wa marehemu kudai fidia kwa kupotelewa na mtu aliyewatunza, na kwamba baada ya udongo kurudishwa madai hayo hutegemea zaidi cheti cha kifo ambacho kimeandikwa na hospitali hiyo hiyo.

Hata mwenye faili bado anahitaji daktari wa kulisoma mbele ya jaji, na hapo kuna ukuta mwingine. Wataalamu wa fani moja nchini hujuana kwa majina, walisoma pamoja, wengine walifundishana, na si wengi walio tayari kupanda kizimbani kusema kwamba mwenzao alikosea. Wastaafu na walimu wa vyuo vya tiba husaidia zaidi. Kwa upande wa wakili, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewapa nafasi wasaidizi wa kisheria ngazi za chini, na zipo taasisi kama Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu na Chama cha Wanasheria Wanawake ambazo hupokea wasio na uwezo. Tangu marekebisho ya 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, mdai anaweza angalau kufuatilia kinachosemwa kuhusu mwili wake.

Madaktari watanijibu kwamba naandika kama mtu ambaye hajawahi kukesha wodini, na nusu ya jibu lao naikubali. Vifo vya uzazi, kwa tafiti za kitaifa za afya, vilishuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022, na hakuna aliyeyafanya hayo isipokuwa wakunga na madaktari hawa hawa, wengi wao wakiwa peke yao usiku na kina mama kumi. Hofu yao ni kwamba faili likifunguliwa kwa kila anayeomba, watu wataandika kwa kujilinda badala ya kutibu. Hofu hiyo ina dawa ambayo nchi hii inaijua. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, unaofanya kazi tangu 2015, humlipa mfanyakazi aliyekatwa na mashine bila kumtaka athibitishe nani alizembea. New Zealand imekuwa na mpango wa aina hiyo kwa wanaoumia, wakiwamo wagonjwa, tangu 1974. Kwa kuwa tunayo sasa Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya mwaka 2023, sioni kwa nini sehemu ndogo ya michango isitengwe kwa mtoto aliyechelewa kulia, ili mama yake alipwe gharama za kiti na mazoezi bila kulazimika kumwita mkunga mwongo.

Mpaka hapo patakapofika, njia ni hizi zilizopo. Shemeji aliandika barua, akataja sheria ya 2022, akagongewa muhuri, na wiki ya tano akaitwa kuchukua nakala. Patografu ilikuwamo. Mapigo ya moyo wa mtoto yalikuwa yameandikwa vizuri, kwa mwandiko wa kike wa kuvutia, kuanzia saa mbili na nusu hadi saa tano usiku. Kuanzia hapo mistari ilikuwa mitupu mpaka saa tisa, ambapo mwandiko mwingine, wa haraka, uliandika namba moja ya chini sana na kuizungushia duara. Wakili aliitazama ile nafasi nyeupe kwa muda mrefu kuliko alivyotazama kurasa nyingine zote. Mwezi uliopita tulipeleka notisi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri, miezi minne kabla ya miaka 3 ya mdogo wangu kutimia. Karani wa masjala, kijana mpole, alihesabu kurasa kwa ncha ya kidole, akauliza kama nakala za Dodoma zimekwisha kutumwa, kisha akagonga muhuri na kuandika tarehe kwa wino wa bluu.